KISU NDICHO KIKATACHO, SI MASHINE

Ni jambo la kufurahisha kila tuonapo kikundi cha mafundi, au chama cha ushirika, au chuo cha ufundi, kimefanikiwa kununua mashine mpya ya kukereza vyuma. Mashine hii ndiyo mama wa mashine nyingine, maana hapana mhimili, wala bushi, wala puli, wala bolti ya kipimo cha pekee isiyoweza kuzaliwa juu yake. Walakini furaha hiyo aghalabu huwa fupi. Sanduku hufunguliwa, mashine husimikwa juu ya sakafu ya saruji, umeme huunganishwa, na hapo ndipo wenyewe hutambua kwamba fedha zote zimekwisha, na hawana cha kukatia chuma ila visu vichache vilivyokuja ndani ya sanduku.

Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Neno hilo lilisemwa juu ya karamu, lakini laweza kuandikwa kwa wino juu ya mlango wa kila karakana. Mashine ya kukereza, hata ingawa ni kubwa na ya thamani, kazi yake ni moja tu: kuzungusha chuma na kukisogeza kisu kwa unyofu. Kikatacho ni kisu. Na kisu hicho hakifanyi kazi njema kama kile kikishikacho kinalegea, au kimekiweka juu mno au chini mno. Kwa hiyo leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya mambo mawili ambayo wanunuzi wengi huyaacha mwisho: nguzo ya kisu, yaani kile kifungwacho juu ya kitelezi ili kukishika kisu, na visu vyenyewe.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya mafundi peke yao. Mhimili wa mashine ya kusaga unapokatika kijijini, mama aliyejitwika debe la mahindi hurudi nyumbani na mahindi yake. Bomba la kisima linapoharibika, watoto huamka alfajiri kwenda mtoni badala ya shule. Kipande kilichovunjika chaweza kuagizwa kutoka ng'ambo na kungojewa kwa majuma mengi, au chaweza kukerezwa mjini kwa siku moja. Tofauti iliyoko kati ya njia hizo mbili mara nyingine ni kisu kimoja chenye makali, kilichoshikwa barabara.

Yafaa kwanza kukumbuka tulikotoka. Zamani mkerezaji alikishika kisu kwa mikono yake, kama afanyavyo hata leo fundi wa mbao akerezapo mguu wa kitanda. Chuma kilipokuwa kigumu, mkono ulichoka, na kipimo kikapotea. Mwingereza Henry Maudslay, aliyekuwa na karakana yake mjini London, ndiye asifiwaye kwa kuunganisha kitelezi cha kushika kisu pamoja na skrubu ndefu ya kukiongoza, katika mashine yake ya kukata hesi iliyotengenezwa mnamo mwaka 1800 hivi. Tangu siku hiyo kisu kilitoka mkononi kikaingia katika chuma. Mkono wa fundi ukabaki na kazi ya kuongoza, na nguvu ya kushika ikawa ya nguzo. Ndiyo maana twasema kwamba nguzo ya kisu ndiyo mkono wa fundi. Mkono ukitetemeka, kazi yote hutetemeka.

Nguzo hizo zipo za namna nyingi, lakini mnunuzi wa kawaida atakutana na tatu. Ya kwanza ni ile ya kale ya Kimarekani, yenye mfano wa taa ya kandili. Ni nguzo ya mviringo yenye tundu refu katikati, skrubu moja juu, na chini yake pete iliyobonyea ambamo hukaa kipande chenye umbo la mtumbwi. Fundi hukiinamisha kipande hicho mbele au nyuma mpaka ncha ya kisu ifike kimo kitakiwacho. Nguzo hii ni rahisi na hufika mahali pembamba. Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, hushika kwa skrubu moja tu, kwa hiyo ni dhaifu. Pili, kila uinamishapo kisu ili kubadili kimo chake, unabadili pia pembe zake za kukatia, na pembe ulizozinoa kwa bidii zinageuka kuwa nyingine. Asiyekuwa nayo hana sababu ya kuitafuta.

Ya pili ni nguzo ya mraba ya visu vinne. Ni kipande kinene cha chuma, chenye mifuo pande zote nne, na kila upande una skrubu za kubana kisu kutoka juu. Hii ndiyo ijayo pamoja na mashine nyingi mpya, na hatupendi idharauliwe kama wengine waidharauvyo. Ni imara sana, hukaa kwa uzito wake wote juu ya kitelezi, na bei yake ni ndogo. Taabu yake ni kimo. Kila kisu lazima kiwekewe vibati vyembamba chini yake mpaka ncha ifikie kitovu cha kazi, na kila kinaponolewa juu hushuka kidogo, na vibati huongezwa tena. Fundi mwenye utaratibu hulishinda jambo hili: hukata vibati vyake, hupima unene wake, na huvifunga pamoja na kisu chake kwa uzi ili visipotee. Taabu nyingine ni kwamba visu vitatu visivyotumika hutokeza ncha zao nje, na mkono usioangalia huchanika.

Ya tatu ni nguzo ya kubadili visu upesi. Hapa kila kisu hukaa katika kishikio chake mwenyewe, nacho kishikio huteremshwa juu ya nguzo na kukazwa kwa mkono mmoja wa chuma. Kila kishikio kina nati ya kuweka kimo. Ukiisha kuiweka mara moja, waweza kukiondoa kisu na kukirudisha mara mia, nacho hukaa pale pale mpaka siku ya kunolewa. Kwa karakana ifanyayo kazi ya wateja wengi, kipande kimoja kimoja, leo mhimili na kesho bushi, faida yake ni kubwa, maana muda upoteao katika kubadili visu haulipwi na mteja yeyote.

Lakini katika aina hii pia kuna mbora na aliye duni. Zile zitokanazo na mfano wa Aloris wa Marekani, ambazo huigwa na viwanda vingi vya China na India, huuzwa kwa namna mbili za kukaza. Moja husukuma pistoni ikibane kishikio kwa kukitenga na nguzo. Nyingine hutumia kabari ambayo hukivuta kishikio na kukigandisha kwenye uso wa nguzo. Ya kabari ni ghali zaidi, lakini hurudisha kisu mahali pake kwa uaminifu zaidi na hushika kwa eneo pana. Iko pia aina ya Kiswisi iitwayo Multifix, yenye meno 40 kuizunguka nguzo, hata kishikio chaweza kuwekwa katika pembe 40, kila moja ikiachana na mwenzake kwa digrii 9. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na bei yake hufuata ustadi huo. Shauri letu ni hili: mwenye fedha za kutosha achague kabari, asiyekuwa nazo abaki na nguzo yake ya mraba kwa mwaka wa kwanza, wala asione haya, kuliko kununua nguzo ya kubadili upesi iliyo hafifu na yenye kulegea.

Sasa twaja kwenye kosa ambalo limegharimu wengi. Watu hununua nguzo kwa kuitazama picha, au kwa kuwa jirani anayo, bila ya kuipima mashine yao. Kipimo cha lazima ni kimoja: umbali kutoka uso wa juu wa kitelezi, pale nguzo inapokaa, mpaka kitovu cha mhimili. Tuchukue mfano. Tuseme umbali huo ni milimita 35. Tuseme pia kwamba kishikio, kikishushwa mpaka chini kabisa, hukiweka kitako cha kisu milimita 20 juu ya kitelezi. Ukiweka kisu chenye kimo cha milimita 12, ncha itakuwa katika milimita 32, nawe waweza kuipandisha mpaka 35. Ukiweka kisu cha milimita 16, ncha itasimama katika 36, milimita moja juu ya kitovu, na hapana njia ya kuishusha ila kukipunguza kishikio au kisu chenyewe. Fedha zimekwenda, na kisu hakifai. Hesabu hiyo ya kujumlisha yaweza kufanywa na mtoto wa shule, lakini haina budi kufanywa kabla ya kulipa.

Kwa wale wanunuao mfano wa Aloris, ukubwa hutajwa kwa herufi. AXA ni kwa mashine ziwezazo kuzungusha kazi yenye kipenyo hata inchi 12. BXA ni kwa inchi 10 hadi 15. Na CXA ni kwa inchi 13 hadi 18. Herufi hizi zamsaidia mnunuzi kuanza, lakini zisichukue mahali pa rula yake. Vile vile ni lazima aangalie bolti ya katikati ya nguzo na mfuo wa kitelezi ambamo kichwa cha bolti hukaa. Mara nyingi nguzo huja na kipande cha chuma kisichokatwa bado, ili mnunuzi akipunguze mwenyewe kilingane na mfuo wake. Basi asiitupe nguzo ya zamani. Ndiyo itakayomsaidia kuitayarisha mpya.

Na kabla hatujaondoka kwenye nguzo, neno moja juu ya idadi. Nguzo ya kubadili upesi yenye kishikio kimoja haibadili chochote upesi. Faida yake huanza pale kila kisu cha kila siku kinapokuwa na kishikio chake. Karakana ndogo yahitaji vishikio vipatavyo sita, kimoja wapo kikiwa cha kisu cha kukatia vipande na kingine cha fimbo ya kupanulia matundu. Mnunuzi aulizaye bei ya nguzo bila ya kuuliza bei ya vishikio amesoma nusu ya barua.

Sasa tuvitazame visu. Hapa pana mabishano makubwa, na vijana wengi huamini kwamba kisu cha kabaidi ndicho cha kisasa, na kisu cha feleji ya kasi ni cha wazee. Tuyapime mambo kwa haki. Feleji ya kawaida ya kaboni hupoteza ugumu wake ikipata joto la digrii 250 hivi za Selsiasi. Kati ya mwaka 1898 na 1900, katika kiwanda cha Bethlehem huko Marekani, Frederick Taylor na Maunsel White waligundua namna ya kuipa moto feleji yenye tangsteni hata ikaweza kukata ikiwa nyekundu kwa joto. Ulimwengu uliiona katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, nao ukastaajabu. Mojawapo ya mchanganyiko uliojulikana sana baadaye ulikuwa na sehemu 18 za tangsteni katika 100, 4 za kromi na 1 ya vanadi. Feleji hii ya kasi huvumilia joto lipatalo digrii 600. Kisha katika miaka ya 1920 Wajerumani walileta kabaidi ya tangsteni, na kampuni ya Krupp ikaiuza kwa jina la Widia, maana yake "kama almasi". Hiyo huvumilia joto zaidi tena, na hukata kwa kasi kubwa mno.

Basi, kwa nini mtu asinunue kabaidi peke yake? Jibu limo katika mashine, si katika kisu. Chuma laini hukatwa kwa feleji ya kasi kwa mwendo wa mita 30 hivi kwa dakika. Kazi yenye kipenyo cha milimita 25 itazunguka mara 380 hivi kwa dakika, na hiyo ni kasi ambayo kila mashine inayo. Kabaidi hupenda mwendo wa mita 120, au zaidi. Kazi ile ile itatakiwa kuzunguka mara 1,500 na ushei, tena kwa mashine nzito isiyotetemeka na yenye mota ya nguvu. Mashine ndogo haiwezi kuyatimiza hayo. Matokeo yake ni kwamba kabaidi hukwaruza badala ya kukata, ncha yake humeguka, na fundi huilaumu China au India, kumbe ni yeye aliyemtuma farasi wa mbio kulima shamba.

Tena feleji ya kasi yanolewa kwa cherehe ya kawaida yenye jiwe la kijivu, na fundi aweza kuipa umbo lolote alitakalo: la kukata hesi, la kuzungusha kona, la kufikia pembe iliyojificha. Kabaidi hainoleki kwa jiwe hilo. Yataka jiwe la kijani, au la almasi. Na feleji ikipata moto katika kunolewa yaweza kuchovywa majini, bali kabaidi ikichovywa hupasuka nyufa. Hivyo vile visanduku vya rangi vyenye visu kumi vya kabaidi iliyochomelewa, viuzwavyo kwa bei ndogo, si rahisi kama vionekanavyo. Aghalabu huja havijanolewa barabara, na asiye na jiwe lake hawezi kuvirekebisha.

Hatusemi kwamba kabaidi iachwe. Chuma cha kusubu chenye ganda gumu, au mhimili uliochomelewa upya kwa elektrodi, huila feleji kwa dakika chache. Hapo kabaidi ni ya lazima. Yafaa basi karakana iwe na kishikio kimoja au viwili vya kabaidi za kubadilishwa, zile zifungwazo kwa skrubu ndogo. Zisomwe herufi zake kabla ya kununuliwa. Katika CCMT 060204, herufi ya kwanza yaeleza umbo la pembe ya digrii 80, ya pili yaeleza upenyo wa digrii 7 chini ya makali, na tarakimu za mwisho zaeleza kwamba ncha ina mviringo wa milimita 0.4. Kabaidi za namna hii hukata kwa wepesi, zafaa mashine ndogo. Zile za CNMG zina makali manne badala ya mawili, nazo huonekana kuwa na faida kwa bei, lakini hazina upenyo huo wa chini, hutaka nguvu nyingi, na kwa mashine ndogo hazifai.

Mkusanyo wa kwanza basi uwe huu. Vipande vya feleji ya kasi vya mraba, vitano au sita, vya kunolewa kuwa kisu cha kupunguzia, cha kusawazishia uso, na cha kukatia hesi. Hesi za kimetriki zina pembe ya digrii 60. Lakini mabomba ya maji katika Afrika ya Mashariki hufuata hesi ya Kiingereza, ambayo asili yake ni kipimo cha Joseph Whitworth cha mwaka 1841, yenye pembe ya digrii 55. Bomba la nusu inchi lina meno 14 katika kila inchi. Fundi wa visima asiyekuwa na visu vyote viwili atavujisha maji siku zote. Kisha kisu chembamba cha kukatia vipande, chenye upana wa milimita 2 au 3. Kisha fimbo mbili za kupanulia matundu, nene na nyembamba. Kisha keekee za kuwekwa kichwa cha nyuma. Na juu ya hayo yote, cherehe njema yenye kinga ya macho.

Kisu kikiisha kupatikana kifungwe kifupi. Urefu utokezao nje ya kishikio ukiongezwa mara mbili, kisu hupinda mara nane kwa nguvu ile ile. Fimbo ya feleji ya kupanulia matundu isitokeze zaidi ya mara nne ya unene wake. Na kimo kipimwe hivi: bana rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya kisu na kazi ya mviringo, mashine ikiwa imesimama. Rula ikisimama wima, kisu kiko sawa. Kichwa cha rula kikimwinamia fundi, kisu kiko chini. Kikiinamia upande wa kazi, kisu kiko juu. Hapana chombo cha ghali kitakachosema kweli zaidi ya hiyo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa ajili hiyo twawashauri wale wakaao kamati ya ununuzi waandike sehemu mbili katika hesabu yao tangu siku ya kwanza: sehemu ya mashine, na sehemu ya nguzo, visu, cherehe na vyombo vya kupimia. Kwa maoni yetu sehemu hii ya pili isipungue robo ya fedha zote. Fedha zisipotosha, na ipunguzwe mashine, isipunguzwe sehemu ya visu. Mashine ndogo iliyo kamili hulisha watu wake, na kubwa isiyo na visu huwekewa turubai.

Lakini kilicho bora kuliko vyote hakiuzwi dukani. Ni kijana anayejua kunoa. Chuo kimfundishacho mwanafunzi kubonyeza vifungo bila ya kumsimamisha mbele ya cherehe, akanoa, akajaribu, akaharibu na kunoa tena, kimemfundisha kuagiza visu, hakikumfundisha ufundi. Yeye ajuaye kunoa, ukimpa kipande cha feleji na jiwe, atakipa umbo hata kesho yake ile mashine ya kusaga izunguke tena, na yule mama arudi kijijini na unga kichwani badala ya mahindi.